POPO WA FERI NA VIRUSI VISIVYO NA JINA



Jioni moja tulikuwa Feri, Dar es Salaam. Waliowahi kufika wanapajua. Ni pale Kivukoni, penye soko la samaki, karibu na pantoni ya kwenda Kigamboni. Jua lilikuwa linazama. Wachuuzi walikuwa wanamalizia mafungu ya mwisho ya vibua. Akina mama wa kukaanga samaki walikuwa wanazima majiko. Tulipoinua macho tukaona popo. Walitoka upande wa miti mikubwa ya mjini, kwanza mmoja mmoja, kisha makumi kwa makumi, wakapita juu yetu kwenda kutafuta chakula.

Kijana mmoja anayepaa samaki akasema, "Hawa ndio wenye Marburg. Dawa yao moja tu. Kata miti, choma moto, basi."

Mama mmoja akamkatiza. "Wee mwanangu, tangu nimeanza kukaanga samaki hapa popo wapo. Mbona hatujafa?" Kisha akatugeukia. "Nyie wa gazeti, mnasoma vitabu. Hebu tuambieni, nani mkweli kati yetu?"

Hatukutaka kujibu kwa kubahatisha. Tulimwambia, "Mama, tupe muda tukaulize na tusome." Leo tunaleta jibu, maana swali hili si la Feri tu. Linaulizwa vijijini, penye mapango, penye magofu na chini ya miembe. Na jibu lake likikosewa, watu wanaweza kufa.

POPO NI MNYAMA GANI?

Popo anaruka, lakini si ndege. Ana manyoya kama ya panya, anazaa, ananyonyesha. Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo. Wengi ni wadogo, hula wadudu kama mbu na nondo. Wengine ni wakubwa, hula matunda na kufyonza maua.

Wale wakubwa wanaolala mitini mijini wana rangi ya mabua makavu. Hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Huhama kufuata matunda, mamia ya kilomita. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, mamilioni yao hukusanyika katika msitu mmoja wa Kasanka, Zambia.

Popo hawa wana kazi kwa mkulima. Maua ya mbuyu hufunguka usiku, na popo ndiye anayebeba unga wa ua hili kupeleka kwenye ua lile, mbuyu ukazaa. Mbegu za mvule nazo hutawanywa na popo. Anakula tunda hapa, mbegu anaiangusha mbali. Popo wadogo nao hula wadudu wanaokula mazao shambani. Basi tusimwone popo kuwa adui tu.

KIRUSI NI NINI?

Kirusi ni kidudu kidogo mno. Hakionekani kwa macho, wala kwa hadubini ya kawaida ya zahanati. Hakiwezi kuishi peke yake. Lazima kiingie ndani ya mwili wa kiumbe kingine, kikazaane humo. Mafua yanatokana na virusi. Surua pia. Ukimwi pia. Korona iliyosumbua dunia kuanzia mwaka 2020, nayo ni kirusi.

Kila mnyama ana virusi vyake. Ng'ombe anavyo, kuku anavyo, hata mmea wa muhogo unavyo. Popo naye anavyo, na vingi havimuumizi. Popo na virusi vyake wameishi pamoja miaka mingi sana, mpaka wamezoeana kama wapangaji wa nyumba moja. Hatari huja pale kirusi kinapohama nyumba, kikaingia kwa mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana nacho.

KISICHOJULIKANA HUJULIKANAJE?

Wavuvi wa pwani yetu wana mfano mzuri. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walivua samaki mkubwa wa ajabu. Alikuwa silikanti, samaki wa tangu kale, ambaye wataalamu wa dunia waliwahi kudhani alikwisha toweka kabisa. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika Kusini, ndipo dunia ikajua kuwa bado yupo. Silikanti hakuzaliwa siku aliyovuliwa. Alikuwapo baharini siku zote. Sisi ndio tulikuwa hatumjui.

Virusi ni vivyo hivyo. Vipo, hata kama havina jina. Ili kuvijua, lazima mtu akatege nyavu.

Kwanza, wataalamu hutega nyavu nyembamba wakati wa magharibi, popo wanapotoka. Huvaa glavu nene, barakoa na nguo za kujikinga. Popo akinaswa hutolewa taratibu, hupimwa uzito, na kinywa chake hupanguswa kwa kijiti chenye pamba. Hutolewa damu kidogo sana, halafu huachiwa aende zake. Wakati mwingine hutandikwa turubai chini ya mti, wakakusanya kinyesi na mkojo bila kumgusa popo yeyote.

Pili, vitu hivyo hutiwa kwenye mtungi wenye baridi kali, kali kuliko ya friji la kawaida. Bila baridi, kirusi huharibika kama samaki aliyelala juani.

Tatu, hupelekwa maabara. Hapa kwetu, kazi ya namna hii imefanywa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Taasisi hizo zilishiriki katika mradi mkubwa ulioanza mwaka 2009 kwa fedha za Marekani. Mradi huo ulifika katika nchi zaidi ya 30. Ulipata virusi zaidi ya 900 ambavyo havikuwa vikijulikana, kutoka kwa popo, panya, nyani na wanyama wengine.

KAZI YA MAABARA NI KUSOMA

Ndugu msomaji, hapa tunataka uelewe vizuri, maana ni jambo unalolijua. Wewe ulikwenda kisomo ukajifunza herufi. Ukajua a, e, i, o, u. Kisha ukaunganisha herufi zikawa neno, na maneno yakawa habari.

Kirusi nacho kimeandikwa ndani yake. Kina maandishi yanayokiambia namna ya kujijenga na kuzaana. Maandishi hayo yana herufi nne tu, lakini ni marefu. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina herufi karibu 12,000. Cha Marburg kina karibu 19,000. Cha korona kina karibu 30,000.

Tatizo ni kwamba katika tone la mate ya popo, virusi vinaweza kuwa vichache mno, kama punje mbili za mtama katika ghala zima la mahindi. Hivyo wataalamu hutumia mashine ya kunakili. Mashine hiyo hufanya kipande kimoja cha maandishi kuwa viwili, viwili kuwa vinne, vinne kuwa vinane. Chukua karatasi ufanye hesabu mwenyewe. Ukirudia mara 30 utapata zaidi ya bilioni moja. Sasa kinasomeka.

Lakini utanakili vipi kitu usichokijua? Kuna ujanja wake. Watu wa ukoo mmoja hufanana mahali fulani, pengine pua, pengine jina la babu. Virusi vya ukoo mmoja navyo vina kipande cha maandishi kinachofanana. Wataalamu hutafuta kipande hicho. Wakikipata, husoma kilichobaki na kukilinganisha na virusi vyote vilivyokwisha andikwa. Kikifanana, kinajulikana. Kisipofanana na chochote, hapo wamepata mgeni.

Mgeni akipatikana kazi haijaisha. Lazima aulizwe maswali. Wewe ni wa ukoo gani? Unakaa kwa popo wa aina gani? Unaweza kuingia katika mwili wa mtu? Umewahi kuingia? Ili kupata jibu la swali la mwisho, hupimwa damu za watu. Mwili uliowahi kupigana na kirusi hubaki na askari wake ndani ya damu, na askari hao huonekana maabara hata baada ya miaka. Kwa mfano, mwaka 2014 watafiti walieleza kuwa huko Kameruni askari wa namna hiyo, waliokuwa wamepigana na virusi vya jamii ya popo, walionekana katika damu za watu wachache. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchinja popo.

Shika neno hili: kupata kirusi kipya si kupata ugonjwa mpya. Vingi kati ya hivyo zaidi ya 900 havijaonekana kumdhuru mtu.

VILIVYOPEWA MAJINA YA KWETU

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kazi hii. Mwaka 1957, huko Entebbe, Uganda, kirusi kilipatikana kwa popo wadogo, kikaitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1977 kingine kilipatikana katika pango la Kasokero, Uganda. Watu wanne waliohusika na kazi hiyo waliambukizwa, wakapona. Hapo watafiti walijifunza kuwa anayemtafuta kirusi anaweza kutafutwa naye. Ndiyo sababu ya glavu na barakoa.

Mwaka 2009 popo aliyekufa alikutwa pangoni katika pwani ya Kenya, huko Shimoni. Ubongo wake ulipopimwa, kikaonekana kirusi kipya, ndugu wa kichaa cha mbwa. Kikaitwa kirusi cha popo wa Shimoni.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Mei, fungo mmoja alimwuma mtoto mguuni huko Ikoma, karibu na Hifadhi ya Serengeti. Fungo huyo alionekana kuwa na kichaa. Askari wa wanyamapori wakamwua. Jeraha la mtoto lilioshwa mara moja kwa maji na sabuni, akapewa chanjo, na hakuugua. Ubongo wa fungo ulipopimwa, kirusi chake hakikuwa kile cha mbwa. Kilikuwa kipya, na ndugu yake wa karibu ni kirusi kilichopatikana kwa popo wa Hispania. Wataalamu wanadhani fungo yule alikipata kwa popo. Leo dunia nzima inakiita kirusi cha Ikoma.

Kwa nini tunajali jina? Kwa sababu chanjo ya kichaa cha mbwa tuliyonayo ilitengenezwa kwa kirusi cha mbwa. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa haizuii vizuri ndugu wa mbali kama kirusi cha Ikoma. Bila kukisoma kirusi hicho tusingelijua hilo, na chanjo bora isingetafutwa. Lakini ukiumwa, chanjo usiikatae. Hujui aliyekuuma ana kirusi gani. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo akiwa Kenya. Kidonda kilikuwa kidogo tu, na hakupata chanjo. Baada ya wiki chache aliugua kwao, akafa.

MARBURG ILIVYOTAFUTWA MIAKA 42

Sasa turudi kwa kijana wa Feri na neno lake la Marburg.

Mwaka 1967 tumbili waliotoka Uganda walipelekwa Ulaya kwa kazi za maabara. Watu wakaugua katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia ya wakati ule. Waliugua 31, wakafa 7. Kirusi kikapewa jina la mji wa Marburg. Lakini kilikuwa kinakaa wapi siku zote? Hakuna aliyejua.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi ya Uganda, waliugua Marburg. Mgodini humo walikaa popo zaidi ya 100,000. Wataalamu waliingia wakawapima. Mwaka 2009 wakatangaza kuwa wamepata kirusi hai cha Marburg ndani ya popo hao. Kutoka 1967 hadi 2009 ni miaka 42.

Popo wa Kitaka ni popo wa matunda wanaolala mapangoni na migodini. Sio wale wa rangi ya mabua wanaolala mitini mijini. Kijana wetu amechanganya aina mbili, kama mtu anayemwita papa changu kwa kuwa wote ni samaki.

Je, wale wa mitini hawana kitu? Wanacho chao. Mwaka 2013 watafiti walitoa taarifa ya kupima popo wa rangi ya mabua katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Walikuta katika damu zao alama za virusi vya ukoo wa kichaa cha mbwa na vya ukoo mwingine. Basi mama naye asijiamini mno. Kukaa chini ya mti wenye popo si sawa na kumshika popo.

WALIPOWAUA POPO WOTE

Je, tuchome, tukate, tuwaue wote? Jibu liko hapo hapo Kitaka.

Baada ya ugonjwa ule wa 2007, wachimbaji waliwaangamiza popo wa mgodi. Walidhani wamemaliza. Lakini mapango hayakai tupu. Popo wengine walihamia humo. Mwaka 2012 Marburg ililipuka Ibanda, mji ulio karibu na Kitaka. Watu 15 waliugua, wanne wakafa. Wataalamu wakaenda tena mgodini kupima. Zamani, katika kila popo 100, karibu 5 walikuwa na kirusi. Sasa walikuwa 13.

Maana yake ni kwamba kuua popo kuliongeza ugonjwa. Mkubwa akifa, nafasi yake hujazwa na wageni na vijana ambao miili yao haijawahi kukutana na kirusi, nao huambukizana upesi. Tena yule anayeua, anayekusanya mizoga na anayefukiza pango, ndiye anayegusana zaidi na damu na mate yao. Waliofukuzwa pia hutawanyika, wakaingia mahali pengine penye watu.

KAGERA SI MBALI

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza Marburg mkoani Kagera, wilaya ya Bukoba Vijijini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu. Kabla ya hapo watu walisema ni ugonjwa usiojulikana. Waliugua 9, wakafa 6. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa tena, safari hii Biharamulo, Kagera. Wagonjwa 10 walihesabiwa, wawili kwa kipimo cha maabara na wengine kwa dalili na uhusiano wao. Wote 10 walifariki. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Angalia tofauti na mwaka 1967. Wakati ule dunia ilikuwa gizani. Mara hizi, maandishi ya kirusi yalikuwa yameshasomwa, kipimo kipo, na namna ya kuzuia inajulikana. Marburg huanza kwa homa kali, kichwa kuuma sana, mwili kuchoka, kutapika na kuharisha. Wengine hutoka damu. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho au kinyesi cha mgonjwa, na pia kwa kuosha maiti yake. Kwa hiyo mtu mmoja akitoka pangoni nao, waliomwuguza ndio wanaofuata. Kesi ikitolewa taarifa mapema, mlolongo hukatwa.

TUFANYE NINI?

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulijifunza kuwa afya inaanza nyumbani kwetu. Na hili ni hivyo hivyo.

1. Usimshike popo kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa. Watoto waambiwe wazi. Popo aliyeanguka chini mchana huenda ni mgonjwa.

2. Usiingie pango lenye popo bila sababu. Mchimbaji au mchota mbolea ya popo avae glavu, afunike pua na mdomo, na aoge kwa sabuni akitoka.

3. Usile tunda lililong'atwa. Embe, pera na papai vioshwe na kumenywa. Mgema afunike kibuyu chake. Huko Bangladeshi watu wameugua kirusi kiitwacho Nipah kwa kunywa maji ya mtende yaliyochafuliwa na popo usiku.

4. Funika maji na chakula. Ziba matundu ya dari popo wakiwa wametoka, wala usiwafungie ndani.

5. Ukiumwa au kukwaruzwa na popo, mbwa, fungo au mnyama mwingine wa mwitu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaombe chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone dalili, maana dalili zikitokea hakuna tiba.

6. Wakifa watu wawili watatu katika nyumba moja kwa homa isiyoeleweka, msifiche, wala msioshe maiti wenyewe. Toeni taarifa zahanati, kwa mwenyekiti wa kijiji, au pigeni simu namba 199, bila malipo.

7. Wataalamu wakija kijijini na nyavu zao, waulizeni maswali, wajibu. Ni haki yenu kujua wanachukua nini na majibu yatarudi lini. Lakini msiwafukuze kwa uvumi.

JIBU LETU KWA MAMA WA FERI

Tulirudi Feri baadaye. Yule mama alikuwa pale pale, anageuza samaki katika mafuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmeleta jibu?"

Tukamwambia hivi: wewe una kweli nusu na kijana ana kweli nusu. Ni kweli popo wengine wana virusi, na vingine huua. Ni kweli pia kuwa watu wamekaa na popo miaka mingi bila kuugua. Kinacholeta maafa ni mkono unaomshika, kisu kinachomchinja, na moto unaomtawanya.

Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua kawa, akafunika ndoo yake ya maji ya kunywa iliyokuwa wazi chini ya mti. Kijana naye akacheka, akasema, "Haya, miti ibaki. Lakini mimi maembe ya chini siokoti tena."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwetu kuna pango, gofu au mti wenye popo? Nani huenda huko, na kwa kazi gani?

2. Kwa nini kuua popo wa Kitaka hakukumaliza ugonjwa?

3. Kutoka hapa hadi mahali penye chanjo ya kichaa cha mbwa ni umbali gani? Mtoto akiumwa usiku, nani atampeleka, na kwa chombo gani?